Kupunguza taka kwenye chanzo: maana yake ni nini?

Muulize mtu wa Bukavu, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, taka zinaanzia wapi, atakuonyesha lundo la kando ya avenyu au mfereji unaoshuka kutoka mtaa wa Kadutu. Hapo ndipo zinapoonekana. Zinaanzia sokoni, saa ile mama muuzaji anapokupimia murongo wa maharagwe na kukumiminia kwenye sakoshi, yaani mfuko wa plastiki, nyeusi kwa sababu umekuja mikono mitupu. Kupunguza taka kwenye chanzo ni kuzuia kitu kisiwe taka tangu pale, kabla hatujaanza kubishana nani azizoe na azipeleke wapi. Salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ni jambo jingine: tunazoa zilizokwisha kuwepo, na Jumamosi inayofuata zipo tena.

Mji wetu umekaa kwenye miteremko. Mvua ikinyesha, kilichoachwa mferejini kinateremka hadi Ziwa Kivu, na ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Ruzizi. Mwanzoni mwa mto ndipo lilipo bwawa la umeme la Ruzizi I. Chupa na sakoshi hujazana mbele yake, nyingine huzama na kuziba mitambo, na watu hulazimika kuingia na mitumbwi kuziopoa. Kwa hiyo umeme ukikatika bugali ikiwa bado jikoni, usiwe mwepesi wa kulaumu wengine.

Kununua vya karibu kunasaidia kwa sababu rahisi: chakula kisichosafiri mbali hakihitaji kuvalishwa. Lengalenga, yaani mchicha, ya Kabare inafika asubuhi imefungwa kwa kamba ya mgomba. Nanasi la kisiwa cha Idjwi lina ganda lake. Lakini ukaribu peke yake hautoshi. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huvuliwa usiku hapo hapo mbele yetu, taa za wavuvi tunaziona, na bado tunauziwa kwenye sakoshi. Wala karibu si lazima iwe upande huu wa mpaka. Nyanya ya ng'ambo ya daraja, huko Rwanda, imetembea kidogo kuliko mchele wa kutoka Uvira. Hao majirani walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Amri yetu ni ya tarehe 30 Desemba 2017, na sakoshi ziko pale pale sokoni. Basi beba kikapu, na kwa sambaza beba bakuli lenye kifuniko. Muuzaji atakucheka mara ya kwanza tu.

Kulima nyumbani ni hatua inayofuata, hata kama parsele yenu, yaani kiwanja, ni ndogo kama yetu. Gunia moja linatosha. Simamisha mawe katikati yake kama nguzo, ili maji yafike chini, jaza udongo pembeni, kisha toboa matundu ubavuni na upande miche. Lengalenga huanza kuchumwa baada ya wiki 3 au 4. Ukikata majani bila kung'oa shina, inachipua tena, na unachuma kile tu kinachoingia sufuriani leo.

Udongo wetu mwekundu ukiachwa peke yake ndani ya gunia hushikana kama tofali, kwa hiyo unauchanganya na mboji. Mboji ni mabaki ya jikoni yaliyooza yakiwa na hewa: maganda ya ndizi na ya mihogo, maganda ya maharagwe, majani makavu. Mabaki hayo hayo yakifungiwa kwenye sakoshi bila hewa huvunda na kutoa gesi ya methane.

Lundo langu la kwanza lilinuka hadi jirani akaja kupiga hodi. Nilikuwa natupia maganda mabichi matupu. Changanya na vikavu, pindua kila wiki, na liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Baada ya miezi 3 hivi linakuwa jeusi, na linanukia kama msitu baada ya mvua. Mabaki ya nyama na samaki usitie, yataita panya. Hayo mpe paka.