Bima ya afya ilipwe kama mchezo unavyochezwa

Ukipita Mchikichini, Ilala, jijini Dar es Salaam, mida ya saa nne asubuhi, wateja wa mchana hawajaanza kumiminika, utamkuta kijumbe, yule anayekusanya hela za mchezo, yaani upatu, anazunguka na daftari lake. Mama lishe anaacha kuosha mchele, anafuta mkono kwenye kanga, anafungua pindo na kutoa elfu mbili. Kijumbe anatia tiki, anahamia kwa jirani. Risiti hakuna, muhuri hakuna, lakini ukikosa siku mbili utaulizwa.

Namtaja kijumbe kwa sababu kazi yangu ni kutoa elimu ya bima masokoni, na kila niendako swali la kwanza ni hilo hilo: ni shilingi ngapi? Nikitaja kiasi cha mwaka, watu wanacheka. Muuza mitumba mmoja pale Tandika aliniambia, "Mwalimu, hiyo hela nikiwa nayo yote mkononi, nafungua belo." Sikuwa na la kumjibu. Kwa mwenye biashara ndogo, hela ya mkupuo ni mtaji.

Mtumishi wa umma haulizwi swali hilo. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, yeye anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3, na makato yanatoka kabla mshahara haujamfikia. Mwenye genge hana wa kumwongezea. Bosi ni yeye, kibarua ni yeye.

Vifurushi vya hiari vya mfuko huo vilivyokuja mwaka 2019 vilianzia shilingi 192,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Muswada wa bima kwa wote ulipojadiliwa mwaka 2022, kikatajwa kiwango cha 340,000 kwa kaya ya watu sita. Gawa kwa siku 365: haifiki elfu moja kwa siku, kaya nzima. Sisemi ni hela ndogo. Kuna siku genge halirudishi hata nauli ya kwenda soko la Mabibo, na kwa kaya za namna hiyo serikali haina budi kuchangia. Ila wapo wengi ambao elfu moja ya kila siku wanaimudu, na laki tatu na ushee ya siku moja hawaimudu kamwe. Hao ndio tunaowapoteza, na tunawapoteza kwa utaratibu wa malipo tu.

Tukiwapoteza, wanaobaki ni wale wanaojijua wanaumwa. Mpango wa hiari ndivyo ulivyo: mwenye sukari na presha atauza hata kabati alipie, kijana mzima wa bodaboda atasema mwakani. Mfuko unalipa kuliko unavyopokea, kiwango kinapanda, na aliyekuwa anasitasita anakimbia kabisa. Ndiyo maana napendelea usajili wa kaya nzima, wazima kwa wagonjwa.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023. Ninachoomba ni kwamba mchango upokelewe kwa simu, kwa siku au kwa wiki, na vikundi vya vikoba na vyama vya masoko viruhusiwe kukusanya. Asiye na bima akilazwa mtoto usiku, anakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani, na riba yake sote tunaijua. Nimeona meza ya samaki pale Feri ikibaki tupu kwa sababu mtaji uliishia dirisha la dawa.

Kwa anayetaka kujiunga sasa, usiridhike na bei. Uliza kadi inapokelewa hospitali zipi, upasuaji umo au haumo, mama mzazi anahesabika kwenye kaya au hahesabiki. Kisha uliza kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku ngapi tangu ulipe. Hilo wengi hulisahau, hasa kina mama wanaokuja kujiandikisha mimba ikiwa na miezi minane.