Je, wajua kwa nini Bohemia ya Shakespeare ina bahari?

Bohemia ni sehemu ya magharibi ya Jamhuri ya Cheki ya leo, katikati kabisa ya Ulaya. Haina pwani. Lakini katika The Winter's Tale, tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa London mwaka 1611, meli inafika huko, inamshusha mtu na kichanga ufukweni, kisha inazama kwa dhoruba.

Jibu lililozoeleka ni kwamba Shakespeare hakujua ramani. Aliyelianzisha ni Ben Jonson, mtunzi mwenzake, alipomwambia mshairi wa Scotland William Drummond kwamba Shakespeare amevunjia watu jahazi Bohemia, mahali palipo mbali na bahari kwa maili kama 100. Tangu hapo kauli hiyo imerudiwa mno, na inamwonea Shakespeare.

Kwanza, bahari hiyo aliikuta. Hadithi yenyewe aliichukua kwa Robert Greene, aliyeichapisha mwaka 1588 kwa jina la Pandosto, na humo tayari watu wanakwenda Bohemia kwa meli. Greene alikuwa na shahada za Cambridge na Oxford. Pili, Shakespeare alizibadilisha nchi makusudi: mfalme mwenye wivu, ambaye kwa Greene anatawala Bohemia, yeye alimpa Sicilia, na mfalme mwenzake akampa Bohemia. Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba katika karne ya 13 mfalme Ottokar wa Pili wa Bohemia alitawala mpaka karibu na bahari ya Adriatiki. Ni kweli, ila hakuna neno katika tamthilia linaloelekeza huko.

Maelezo yenye nguvu zaidi yako jukwaani. Globe, ukumbi wa maonyesho wa London, ulicheza mchana kweupe, bila mandhari ya kuchorwa, kwa hiyo mahali palijengwa kwa maneno. Tazama onyesho lenyewe: Antigonus, yule mtu aliyeshushwa ufukweni, anaingia na mtoto mikononi, na jambo la kwanza kabisa anamuuliza baharia kama kweli chombo kimegusa nyika za Bohemia. Baharia anaitikia, kisha anaonya kuwa anga limechafuka. Pwani imeshakuwepo. Hata meli inapozama hatuioni. Kijana wa mchungaji ndiye anayekuja mbio kuisimulia. Ni kama mtambaji wa hadithi: akisema "Paukwa" nanyi mkaitikia "Pakawa", sultani anaweza kusafiri hadi nchi yoyote, na hakuna anayedai kuonyeshwa njia.

Waliosoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya The Merchant of Venice ya Shakespeare, wameliona hilo. Kabla hatujafika Belmont, nyumbani kwa Portia, mchumba wake Bassanio ameshatuambia kuwa huko yuko binti tajiri. Portia akiingia tu, tunajua tuko wapi.

Daktari na mnajimu Simon Forman aliitazama The Winter's Tale pale Globe mwezi Mei 1611 na kuandika aliyoyakumbuka. Kwake, mtoto alipelekwa Bohemia na kuachwa msituni. Bahari hakuitaja.

Na Jonson mwenyewe? Tamthilia yake Every Man in His Humour ilichezwa mwaka 1598, Shakespeare akiwa mmoja wa waigizaji, na visa vyake vilitokea Florence, Italia. Ilipochapishwa upya mwaka 1616 alikuwa ameihamishia London: mzee Lorenzo akawa Knowell, mume mwenye wivu Thorello akawa Kitely, na visa vikabaki karibu vilevile.