Je, wajua wanasayansi huujuaje mpangilio wa atomu wasizoziona?

Mwanga wa kawaida hauwezi kuonyesha atomu, hata darubini iwe nzuri namna gani. Mawimbi yake yana urefu wa nanomita 400 hadi 700 hivi (nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita), ilhali ndani ya chumvi atomu ya sodiamu na ya klorini iliyo jirani yake zimeachana kwa nanomita 0.28 tu. Eksirei zitokanazo na shaba, zinazotumika sana maabara, zina urefu wa wimbi wa nanomita 0.154. Hizo ndizo zinazolingana na nafasi hizo finyu.

Mwaka 1912 mjini Munich, kwa wazo la Max von Laue, Walter Friedrich na Paul Knipping walipitisha eksirei kwenye fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa safu, ya salfeti ya shaba. Bamba la picha likatoka na madoa yaliyojipanga. Elektroni za kila atomu huitawanya eksirei pande zote. Pande nyingi mawimbi hayo hufutana. Pande chache vilele hukutana na vilele, na hapo doa hutokea. Lawrence Bragg ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuyasoma madoa: kadiri tabaka za atomu zinavyokaribiana, ndivyo pembe ya mtawanyiko inavyokuwa kubwa. Yeye na baba yake, William, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1915, kijana akiwa na miaka 25.

Chumvi ilitoa jibu ambalo mimi bado hunistaajabisha: ndani ya fuwele yake hakuna jozi za sodiamu na klorini zilizojitenga. Kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita.

Ugumu upo, tena mkubwa. Kifaa hupima ukali wa doa tu. Hakisemi kama wimbi lilifika likiwa kileleni au bondeni, na bila habari hiyo muundo hausomeki moja kwa moja. Mkemia Dorothy Hodgkin alipiga picha za kwanza za eksirei za insulini miaka ya 1930, lakini muundo wake ulipatikana mwaka 1969.

Na kioo cha dirishani? Atomu zake hazikupangika kwa safu, kwa hiyo badala ya madoa makali hutoa duara pana lililofifia. Hata ufifio huo hupimika: humo mna umbali wa wastani kati ya atomu na majirani zake.