Kumwinda puma bila kundi la mbwa: yanayosemwa na ukweli wake

Ndugu zangu wa Kigoma wakisikia kwamba milima ninayoiona dirishani hapa Boise, jimboni Idaho, ina simba, huuliza kwanza kama usiku tunasikia ngurumo. Hatusikii. Wamarekani humwita puma simba wa milimani kwa rangi yake ya kahawia isiyo na madoa, lakini kwa nasaba yuko karibu zaidi na duma, na akitulia hutoa mkoromo kama paka aliyepakatwa. Yowe lake la kutisha usiku mara nyingi ni la jike anayetafuta dume. Kwa mwenendo, wa kumlinganisha naye ni chui: mpweke, hunyemelea, huua kwa kuuma shingo. Tofauti ni kwamba chui hupandisha windo lake mtini, puma hulifukia chini kwa majani na theluji. Nitamwita puma, ili simba tumwache Serengeti.

Dhana: "Bila kundi la mbwa, puma humpati."

Hii ndiyo naisikia zaidi, hata kwa watu waliozaliwa hapa. Ukweli ni kwamba mbwa hamtafuti puma, anamalizia kazi. Unyayo mbichi anautafuta mtu. Wawindaji huamka alfajiri theluji ikiwa imetoka kuanguka, wakaendesha gari polepole kwenye njia za msituni, macho yako pembeni, mpaka waone mahali mnyama alipokatiza. Kama hakuna alama, hata ungekuwa na mbwa kumi, watabaki kubwekea kindi.

Kinachomwangusha puma mbele ya mbwa ni pumzi. Ana mbio kali za ghafla, si za masafa, kwa hiyo akifukuzwa muda mfupi tu hupanda mti. Kwa kazi hiyo mbwa mmoja au wawili wenye pua nzuri na wasioacha kubweka wanatosha. Kundi kubwa huongeza fujo, na huongeza mbwa waliopotea, wa kutafutwa korongoni jua likizama.

Mfano bora uko hapahapa Idaho. Mwaka 1964 mtafiti Maurice Hornocker alianza kuwachunguza puma wa bonde la Big Creek akiwa na mwindaji mwenyeji, Wilbur Wiles, na mbwa wachache. Walikwenda kwa miguu majira ya baridi, wakawapandisha puma mitini, wakawachoma sindano ya usingizi, wakawatia alama na kuwaachia. Kazi yao ilivunja dhana nyingine iliyoua puma wengi sana, kwamba wakiachwa watawamaliza kulungu na elki (kulungu wakubwa wa huku) wote. Kwa imani hiyo, jimbo la California lililipa watu kwa kila puma aliyeuawa kuanzia 1907 hadi 1963. Big Creek ilionyesha kinyume: kulungu na elki waliongezeka puma wakiwepo, na puma wenyewe walijipunguza kwa kugawana maeneo na kukwepana.

Dhana: "Unyayo wenye kucha ndio wa puma."

Ni kinyume kabisa. Puma hutembea amezificha kucha, mbwa hawezi. Wayo wa mbwa ni mrefu kidogo, vidole viwili vya kati vimelingana, na kucha zimechoma theluji mbele yake. Wa puma ni wa mviringo, na kidole kimoja kimewatangulia wenzake, kama kidole cha kati cha mkono wako. Tazama pia ukingo wa nyuma wa ile sehemu pana ya wayo: wa puma una vinundu vitatu, wa mbwa viwili. Upana wa wayo wa mkubwa ni takriban sentimita 8 au 9, ila usipime alama iliyopigwa na jua, kwa sababu theluji ikiyeyuka hata wayo wa mbwa wa jirani hutanuka ukawa wa kutisha.

Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, ndiye aliyenifundisha kusoma haya. Ana mbwa mmoja tu, naye ameshazeeka. Asubuhi moja ya Januari tulikuta alama zikishuka kwenye genge. Akachutama, akavua glavu, akapitisha kidole ukingoni mwa unyayo. Ukingo ulivunjika kama unga mkavu. Akasema kama ungepitiwa na baridi ya usiku kucha ungekuwa mgumu kama sukari iliyogandana, kwa hiyo mnyama amepita baada ya alfajiri. Wayo wa nyuma ulikuwa umekanyaga karibu palepale pa wayo wa mbele, ndiyo maana kwa mbali unadhani ni mnyama wa miguu miwili. Mbwa tulimwacha garini.

Tulifuata kwa zaidi ya saa mbili. Chini ya msonobari tukaona mfuo wa kitu kilichoburutwa, na mwisho wake kichuguu cha theluji na majani, kwato moja ya kulungu imechomoza. Kandokando, alama mbili ndogo, zinapishana na kukanyagana kama za watoto wanaocheza uani. Mzee hakusema neno. Alinigusa bega, tukarudi kwa njia ileile tuliyojia.

Dhana: "Mbwa wakipigwa marufuku, puma wamepona."

Naelewa wanaosema hivi, maana kumpiga risasi mnyama aliyeko mtini huonekana kama uonevu. Lakini tuangalie yaliyotokea. Wapiga kura wa Oregon walikataza mbwa mwaka 1994, wa Washington mwaka 1996. Majimbo yote mawili yalirefusha msimu na kushusha bei ya vibali. Wenye vibali wakawa wengi kupita kiasi, kila anayekwenda kuwinda kulungu akibeba na cha puma mfukoni kwa bahati. Oregon waliouawa hawakupungua, waliongezeka. Washington fungu la majike kati ya waliouawa lilipanda.

Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Puma akiwa juu ya mti, mwindaji ana muda wa kutazama chini ya mkia: dume ana doa jeusi la manyoya, kama sentimita kumi hadi kumi na tatu chini ya tundu la haja kubwa, jike hana. Akiona jike, anawafunga mbwa kamba na kuondoka. Asiye na mbwa humwona puma kwa sekunde chache, mita mia moja, kati ya vichaka. Na jike akionekana peke yake, hiyo si dalili kwamba hana watoto, kwani huwaficha watoto akaenda kuwinda, nao humtegemea mpaka mwaka na nusu hivi. Hapa Idaho ni kosa kumwua jike aliye na watoto au mtoto mwenye madoa, lakini sheria haikuonyeshi watoto waliofichwa jabalini. Zile alama ndogo tuliziona kwa sababu tulifuata nyayo hadi mwisho. Asiye na mbwa, kwa maoni yangu, asifyatue risasi kwa puma ambaye hajafuata nyayo zake.

Ukitaka puma wasiwindwe kabisa, hilo ni jambo jingine, na California ililisema wazi kwa kura ya mwaka 1990: ilikataza uwindaji wenyewe, haikuishia kwenye mbwa.

Dhana: "Lia kama kulungu aliyeumia, puma atakuja mbio."

Huja, lakini kwa miguu ya paka. Anayetoka kuwinda koyote, mnyama wa huku anayefanana na mbweha, amezoea kungoja dakika kumi na tano kisha anahama, na pengine anahama puma akiwa ndiyo kwanza anaanza kusogea. Ngojeni saa nzima, wawili, migongo imeelekeana, kwa sababu mnamwita mnyemeleaji na hamjui atatokea upande gani. Mkimwona yu karibu, msikimbie wala msichutame. Simameni wima, inueni mikono, pigeni kelele, na akiwarukia piganeni naye. Hofu isizidi lakini: Amerika Kaskazini yote, kwa zaidi ya miaka mia, waliouawa na puma ni watu thelathini hivi. Kuhusu vipaza sauti vya betri vinavyoiga mlio wa windo, soma kanuni za jimbo lako kwanza, maana vinaruhusiwa kwingine na kwingine havigusiki.

Dhana: "Nyama yake hailiki."

Inalika, nyeupe na laini, wengi huifananisha na nguruwe. Lakini huweza kuwa na minyoo ya trikinela, na mwaka 1995 watu waliugua hapa Idaho baada ya kula nyama kavu ya puma. Wapo wanaodhani friza inatosha. Haitoshi, aina ya minyoo iliyomo kwa wanyama wa baridi huvumilia barafu. Iiveshe hadi ndani ifike nyuzi 71 za selsiasi. Jirani yangu huipika mchuzi wa maharage kwa saa tatu, na bado huchoma kipimajoto kwenye kipande kinene zaidi kabla hajapakua.