Barnenez: kaburi la mawe lililonusurika kugeuzwa kokoto

Wageni wengi wakifika Barnenez hupiga picha upande wa kusini, kwenye milango, kisha huondoka. Mimi huzunguka nyuma kwanza. Huko ndiko kuna jeraha.

Barnenez ni kilima cha mawe yaliyopangwa kwa mkono, kwenye rasi iliyo kando ya ghuba ya Morlaix, kaskazini magharibi mwa Ufaransa. Kina urefu wa mita 70 na ushee, na ndani mna vyumba 11 vya kuzikia, kila kimoja na ujia wake mwembamba. Kilianza kujengwa yapata mwaka 4500 KK, piramidi kubwa ya Giza ikiwa bado karibu miaka 2,000 mbele.

Mwaka 1955 mkandarasi mmoja alikuwa akitafuta mawe ya barabara. Kaburi dogo la jirani alikuwa keshalimaliza karibu lote, akahamia kwa kaka yake, yaani hili kubwa. Mashine zilipokwangua ubavu wa kaskazini, vyumba vikaanza kutokeza, vimekatwa katikati kama nazi. Watu wakapiga kelele, kazi ikasimama, na mwaka 1956 serikali ikaliandikisha kaburi hilo kuwa urithi unaolindwa. Pierre-Roland Giot alilichimba na kulikarabati hadi 1968.

Sasa sogea kwenye mkato huo. Mawe bapa yamelazwa safu juu ya safu, bila chokaa, kila safu ikichomoza ndani kidogo kupita iliyo chini yake, mpaka kuba likafungwa juu. Kinachozuia jiwe lisidondoke ndani ni mzigo wa mawe yaliyolikalia mkiani. Ukiwa ndani ya chumba huuoni mzigo huo hata kidogo. Naona haya kusema, lakini uharibifu ule umenifundishia wanafunzi wengi kuliko michoro yangu yote.

Rangi nayo inasema. Upande wa mashariki umejaa doleraiti, jiwe jeusi lenye ukijani. Magharibi imetawala graniti, iliyokwajuka, iliyotoka Stérec, ambako leo ni kisiwa. Ni majengo mawili: vyumba 5 kwanza, kisha vyumba 6 vikaunganishwa ubavuni. Kwa nini wasijenge kwingine? Waliojenga walikuwa wakulima na wafugaji, na kwa macho yangu jengo hili lilikuwa hati ya ardhi kabla ya kuwa kaburi. Kwetu pia, mzozo wa shamba ukizuka, mzee hupeleka watu kwenye makaburi ya babu zake.

Swali nisilolikosa kamwe: mifupa iko wapi? Udongo wa huko una tindikali, umeila. Vimebaki vigae vya vyungu, mashoka ya mawe yaliyosuguliwa, na jambia la shaba la watu waliokuja karne nyingi baadaye wakalitumia kaburi upya.

Na michoro. Katika chumba H, kwenye mawe makubwa yaliyosimamishwa, kumechongwa mashoka, upinde, mistari ya mawimbi. Ukimulika taa usoni mwa jiwe, huoni kitu. Ishushe, uisogeze ubavuni, mwanga upite juu ya jiwe kwa mlazo. Vivuli vinajaa mikwaruzo, na upinde unajitokeza.