Je, wajua kwa nini pujari, kuhani wa hekalu la Kihindu, naye husomea kusikiliza?

Msibani hapa Dar es Salaam kuna maneno ambayo kila mtu hufika nayo: "Kazi ya Mungu haina makosa." Unayasema, unamshika mfiwa mkono, unatafuta pa kukaa mkekani. Sasa mkabidhi maneno hayo mtawa wa Kibuddha wa hekalu la Upanga, ambaye dini yake haina Mungu muumba. Atasema nini? Au mfikirie pujari wa hekalu mojawapo la Mtaa wa Kisutu. Anaijua ibada ya asubuhi na ya jioni, harusi anafungisha, nyumba mpya anaibariki. Jioni moja anaitwa Ocean Road, kwenye taasisi ya saratani, na mama aliyelala pale hataki ibada yoyote. Anataka kuuliza kwa nini iwe yeye.

Wengi tungesema huyo pujari akaongeze elimu ya dini. Lakini dini anayo ya kutosha. Anachokosa ni kazi nyingine kabisa, ya kumsikiliza mgonjwa, yenye mafunzo yake, na mafunzo hayo yalianzishwa na mgonjwa.

Anton Boisen, mchungaji Mmarekani, alilazwa mwaka 1920 kwa ugonjwa wa akili. Alipotoka alikuwa na hoja moja: wanafunzi wa uchungaji wanasoma vitabu tu, ilhali mtu aliye kitandani naye ni maandiko, tena hai, na hakuna anayemsoma. Mwaka 1925, katika hospitali ya Worcester jimboni Massachusetts, alianza na wanafunzi wachache sana. Leo mafunzo hayo yameenea, na kwa desturi awamu moja huchukua saa 400, nyingi zikitumika wodini. Hapa kwetu hospitali ya KCMC, Moshi, nayo imewafundisha wachungaji kwa njia hiyo.

Kiini chake ni zoezi ambalo ukilisikia utaliona la kitoto. Mwanafunzi anarudi kutoka wodini, anaandika mazungumzo neno kwa neno jinsi anavyoyakumbuka, kisha anayasoma mbele ya wenzake na mwalimu. Tuseme pujari wetu ameandika hivi:

Mgonjwa: Sijalala tangu juzi.
Pujari: Usijali mama, Bhagwan (Mungu) yupo.
Mgonjwa: Haya.

Hiyo "haya" kila mzungumzaji wa Kiswahili anaijua. Ni mlango umefungwa taratibu. Wenzake watamuuliza: mama hakulala kwa sababu gani? Maumivu? Hofu ya majibu ya vipimo? Mtoto aliyemwacha nyumbani? Hajui, maana alijibu kabla ya kuuliza. Na hapo linakuja swali linalouma zaidi: ulikuwa unamtuliza yeye, au ulikuwa unajituliza mwenyewe?

Mpaka hapo mchungaji na pujari wako sawa. Wanapoachana ni kwenye lugha ya imani. Mama yule akisema "hii ni karma yangu," yaani malipo ya matendo yake ya nyuma, mshauri wa dini nyingine anaweza kumwambia asiamini hivyo, na papo hapo amembomolea nyumba anayoishi. Pujari akimjibu "ndiyo, ni karma," amemhukumu. Njia ya tatu ipo, lakini lazima aitafute ndani ya dini yake mwenyewe. Wahindu wanayo karibu. Katika Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, shujaa Arjuna anaishiwa nguvu katikati ya uwanja wa vita, upinde unamdondoka. Sura ya kwanza inaishia kwa yeye kulalamika, na Krishna, mungu aliye naye pale, karibu hasemi kitu. Mafundisho yenyewe yanaanza sura ya pili. Binafsi sijaona somo bora la ushauri nasaha kuliko kimya hicho.

Wajapani walilivalia njuga jambo hili baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011. Mtawa wa Zen, tawi la Ubuddha, Taio Kaneta, alizunguka kwa waathirika na mgahawa wa kuhamahama alioupa jina Café de Monk: "monk" kwa Kiingereza ni mtawa, lakini "monku" kwa Kijapani ni malalamiko. Njoo unywe kahawa, ulalamike. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Tohoku, Sendai, kikaanza kuwafundisha viongozi wa dini mbalimbali kwa pamoja, kwa sharti kwamba huendi kwa mgonjwa kumhubiria wala kumbadilisha dini.

Dar kuna ugumu mwingine: utamtuma nani? Wabahai hawana makasisi. Masingasinga hawana ukuhani. Granthi wao ni msomaji na mtunza kitabu kitakatifu. Kwa Waismailia, mukhi na kamadia, wanaoongoza ibada, ni waumini wanaojitolea, na mchana wana kazi zao. Ukisema kozi ni ya wenye shahada ya seminari, umewafungia nje karibu wote. Hata idadi yao haijulikani vizuri, kwa kuwa sensa iliyouliza dini mara ya mwisho ni ya 1967.

Halafu kuna siri. Katika jumuiya ndogo, ukikohoa Kisutu, Upanga wanakuuliza kama umepona. Anayekuja kukusikiliza leo ndiye atakayekuwa meza moja na shemeji yako Jumapili. Kwa hiyo mafunzo hukazia sana nini kisitoke wodini, na pia nini lazima kitoke: mgonjwa akitaja kujiua, anayeitwa ni daktari wa akili, pale Muhimbili au kwingineko, hata kama pujari anajiona ameelewana naye vizuri.

Na faragha? Waislamu wa hapa wanaijua hoja ya mwanamume na mwanamke wasio maharimu kukaa peke yao. Watawa wa Kibuddha wanayo ya kwao, kali vilevile, kwa hiyo chumba cha ushauri chenye mlango uliofungwa hakiwafai. Mtu wa tatu lazima awepo. Kanuni yao moja ya kale inamkataza mtawa kumfundisha mwanamke dini kwa zaidi ya maneno matano au sita ikiwa hakuna mwanamume mwenye ufahamu pale. Maneno yanayohesabiwa ni ya mtawa. Ya mwanamke hayahesabiwi.