Wiki ya Chuo Si Wikipedia Ndogo

Dhana: Wiki ya chuo ni Wikipedia iliyopunguzwa ukubwa.

Neno "wiki" ndilo linalochanganya watu. Hapa si juma, bali ni tovuti ambayo wasomaji wenyewe huiandika na kuihariri; wiki ya chuo ni ile ambayo wanachuo huandika mambo ya chuo chao. Wiki ya kwanza ilifunguliwa na Ward Cunningham mwaka 1995, akaipa jina kutokana na neno la Kihawaii lenye maana ya "haraka". Wikipedia ilikuja Januari 2001. Wiki ni namna ya kuandika pamoja, na ensaiklopidia ni mojawapo tu ya kazi zake. Kurasa hufanana kwa sababu MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, ni huria, na chuo chochote kinaweza kuiweka kwenye seva yake.

Dhana: Kisichokubaliwa Wikipedia hakifai kuandikwa.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana imezima kalamu nyingi. Mwanafunzi anaandika kuhusu klabu ya mdahalo ya chuo chake, makala inafutwa, naye anaondoka akiamini kwamba alichokijua hakina thamani. Wikipedia huuliza kama vyanzo huru vya kuaminika vimeshaizungumzia mada hiyo kwa kina. Kwa ensaiklopidia ya dunia nzima, swali hilo ni la haki kabisa. Wiki ya chuo huuliza jingine: je, yupo mwenzetu atakayehitaji kulijua hili? Kona ipi ya maktaba ina utulivu wakati wa mitihani, fomu ya kuahirisha masomo hupitia ofisi zipi, bweni la zamani wanafunzi waliliitaje. Hakuna gazeti litakaloandika hayo, na wanaoyajua huhitimu wakaondoka nayo. Mwaka 2004, wanafunzi wa chuo kikuu huko Davis, California, walianzisha Davis Wiki kwa ajili ya mambo ya aina hiyo. Wakazi wa mji nao wakaingia kuandika.

Dhana: Huko hakuna kanuni, andika upendavyo.

Wikipedia haipokei utafiti wa mwandishi mwenyewe. Uliyoyaona kwa macho yako si chanzo. Wiki ya chuo huyapokea, na hapo mzigo wa uaminifu unakuangukia wewe. Sema kama ulishuhudia au ulisimuliwa, na uandike lini. Watu wakiwa wachache, anayesemwa hutambulika hata asipotajwa jina, na uvumi utamfikia kabla ya kipindi cha mchana. Kwa hiyo kuhusu watu walio hai, naona wiki ya chuo inahitaji ukali kuliko hata ule wa Wikipedia.

Dhana: Ukiishiwa maneno, nakili Wikipedia.

Leseni yake inaruhusu, mradi uwataje waandishi na utoe maandishi yako kwa leseni hiyohiyo. Lakini kwa mambo ya jumla, kiungo kinatosha.

Dhana: Ikishaanzishwa, itajiendesha.

Makala maarufu ya Wikipedia ina macho mengi, na kosa likionekana hurekebishwa. Wahariri wa chuo huhitimu kila mwaka. Ukurasa wenye tarehe ya zamani ya usajili unaweza kumgharimu mgeni muhula mzima, kwa kuwa aliuamini. Kurasa za taratibu zikaguliwe kila muhula unapoanza, na nywila za usimamizi ziwe mikononi mwa wa mwaka wa pili kabla wa mwaka wa mwisho hawajavaa majoho.